Tumbili na nyani kwenye makazi: dalili, chanzo na namna ya kuwazuia

Mkazi akilalamika kwamba tumbili wamemshinda, maswali ya kuanzia ni matatu: wanafika saa ngapi, wanapita wapi, na wanaondoka na nini. Wengi wana jibu la swali la tatu peke yake, ndiyo maana hawapati nafuu. Wakificha ndizi, tumbili wanahamia kwenye mayai. Wakifunga banda la kuku, tumbili wanahamia kwenye pipa la taka la jirani, na kesho yake wanapitia tena kuangalia kama mlango wa jiko umeachwa wazi. Wanyama hawa hawatembei ovyo. Wana miti yao ya kulala, njia zao na saa zao, na nyumba yako ni kituo kimoja tu kwenye mzunguko wa siku nzima.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, weka daftari karibu na dirisha kwa siku 3 mfululizo. Andika saa waliyofika, mti au ukuta waliouingilia, kitu cha kwanza walichoshika, na saa waliyoondoka. Kitu cha kwanza ndicho cha kuangalia zaidi, kwa sababu ndicho kilichowaleta. Vingine wanavibeba kwa kuwa wameshafika.

## Hakikisha kwanza ni nani

Katika miji ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, anayezoea nyumba za watu zaidi ya wengine ni tumbili, ambaye wengi humwita ngedere. Ana manyoya ya kijivu, uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe, na mkia mrefu. Dume ana korodani za buluu zinazoonekana ukiwa mbali. Ni mwepesi, dume kubwa kilo 7 hivi na jike chini ya hapo, na kundi linaweza kuwa la wanyama 10 au likafika 50.

Nyani ni habari nyingine. Nyani wa njano, ndiye wa upande wetu, dume lake hufikisha kilo 25, lina chonge ndefu, na hutembea ardhini zaidi kuliko mitini. Hulala kwenye majabali au miti mirefu. Anayepita mlima Kitonga kwa basi anawajua: wamekaa kandokando ya lami wakisubiri abiria arushe ganda la ndizi au kipande cha mkate. Kinachomzuia tumbili hakimtoshi nyani. Wavu mwepesi wa kuku tumbili ataukwepa, nyani atauchana kwa mikono.

Upande wa Rungwe, karibu na msitu, yupo pia kima, mkubwa na mweusi kuliko tumbili, anayependa ndizi na mahindi ya mashamba ya pembezoni. Mbega mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani ni mla majani. Ukimwona juu ya mti wako usimtwishe lawama ya maparachichi. Na kipunji, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 na kuelezwa rasmi mwaka 2005, anaishi misitu ya Rungwe, Kitulo na sehemu ndogo ya Udzungwa. Huyo ni adimu mno duniani. Mtu wa Tukuyu akimwona shambani jirani na msitu, apige kelele tu na kutoa taarifa. Mtego wowote hapo ni kosa kubwa.

## Siku ya tumbili inavyokwenda

Tumbili halali ovyo. Kundi lina miti yake michache ya kulala, mara nyingi mirefu na karibu na korongo, mto au miamba, na hurudia hiyohiyo. Jua likichomoza hawakurupuki. Miezi ya Juni na Julai, baridi ikiwa imekaza, hukaa kwanza kwenye matawi ya upande wa mashariki wakiota jua hadi mwili upate joto. Ndiyo sababu kipindi hicho ziara ya kwanza inaweza kuja saa 2 au saa 3 asubuhi, wakati Novemba wanafika mapema zaidi. Mtu asiyelijua hili huamini dawa yake imefanya kazi, kumbe ni baridi tu.

Wakishapata joto hula kwa bidii. Kuanzia saa 5 au saa 6 mchana hupungua kasi: wakubwa wanakaa kivulini wakichambuana manyoya, wadogo wanacheza. Saa 9 wanaanza tena kula, na kabla giza halijaingia wameshapanda kulala. Hivyo nyumba nyingi zina vipindi viwili vya hatari, asubuhi na alasiri, na katikati kuna utulivu unaowadanganya watu waache dirisha wazi.

Msimu nao una mchango wake. Mvua huku ni za Novemba hadi Aprili au Mei. Wakati huo porini kuna matunda, maua, majani laini na wadudu, ila ndipo na mahindi mabichi yanapokuwa shambani. Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza chakula cha porini kinapungua na vijito vinakauka. Hapo wanafuata maji kama wanavyofuata chakula. Bomba linalovuja na beseni la kufulia lililoachwa uani vinaweza kuwa ndiyo sababu pekee ya ziara za Oktoba.

Mwisho, kumbuka tumbili ana mifuko ndani ya mashavu. Haingii jikoni kula. Anaingia kujaza mashavu kwa sekunde chache, kisha anakwenda kutafuna juu ya mti akiwa salama. Ukimkuta juu ya kabati amefura pande zote mbili za uso, ameshamaliza kazi; kumfukuza kwa fagio hakurudishi chochote, na ukimzibia njia ya kutokea ndipo anapong'ata.

## Dalili: wanakuja kila siku saa ileile, hata kama hakuna cha kula

Chanzo mara nyingi si nyumba yako bali njia yako. Mistari ya migrivilia na mikaratusi iliyopandwa mipakani ndiyo barabara ya tumbili mjini. Kutoka korongoni wanapita juu ya ukuta, wanarukia paa, wanatua kwenye mparachichi, wanaendelea kwa jirani. Nyumba iliyo kwenye njia hii itaonja wageni hata kama ni safi.

Tibu kwa kukata daraja. Simama uani uangalie kila tawi linalofikia paa, ukuta au mti mwingine. Punguza hadi ibaki nafasi ya mita 3 angalau, na 4 ni bora, kwa maana tumbili mzima huruka mbali kuliko watu wanavyodhani na akiwa juu anaruka zaidi. Tawi moja lililosahaulika linaharibu kazi yote. Matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme usiyaguse mwenyewe. Hiyo ni kazi ya TANESCO.

Mti wa matunda uliosimama peke yake unaweza kuvikwa bati. Chukua bati tambarare lenye upana wa sentimita 60 hadi 90, lizungushe shina kuanzia mita 1.5 juu ya ardhi, ncha zipishane kidogo, kisha funga kwa waya wa kufungia nondo badala ya misumari. Mti unanenepa, legeza waya kila baada ya miezi 6, la sivyo unakata gome. Bati hili halina maana yoyote kama mti unapakana na mwingine au na paa. Watu hulifunga, tumbili wakashukia juu, na bati likapata jina baya bure.

Usikimbilie kuangusha mti wanaolala. Kundi halihami mji kwa sababu hiyo. Linasogea mti wa pili, ambao unaweza kuwa wa shule au wa zahanati.

## Dalili: wanaingia ndani

Angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu: dirisha, paa, mlango wa jiko.

Nondo za dirisha peke yake hazitoshi. Kipimo cha haraka ni ngumi: nafasi inayopitisha ngumi ya mtu mzima, tumbili mdogo anapita, na akishapita anafika kwenye meza wakati wakubwa wanasubiri nje. Wavu wa mbu hauwazuii, wanautoboa kwa kidole. Weka wavu wa chuma wenye matundu ya inchi 1 upande wa nje wa nondo, ufungwe kwa waya kila baada ya sentimita 15. Ukiuweka upande wa ndani watausukuma hadi ulegee. Kwa jiko lenye madirisha ya vioo vya kukunja, ondoa kioo kilichovunjika leo hii na uzibe pengo, maana hapo ndipo wanapoanzia.

Paani tafuta pengo kati ya bati na ukuta, na fishabodi (ubao wa ukingo wa paa) iliyooza. Bodi ikishalegea, dume linaivuta hadi itoke. Ziba kwa mbao mpya au wavu uleule wa inchi 1, lakini fanya hivyo mchana tumbili wakiwa wametoka, na hakikisha hujamfungia popo au komba ndani; mnyama aliyekwama darini akifa ndipo utajua harufu ni nini.

Mlango wa jiko ndio unaoshinda wengi, maana tatizo lake ni mazoea ya watu. Dada wa kazi anatoka kuanika nguo, mlango uko wazi, ndizi ziko mezani. Mlango wa wavu wenye springi unaojifunga wenyewe unamaliza sehemu kubwa ya kesi hii. Komeo liwe juu, la kusukuma pembeni na kushusha. Kitasa cha kubonyeza tumbili hujifunza.

Na vitu vinavyoonekana dirishani viondoke. Tumbili hununua kwa macho. Mkungu wa ndizi unaoning'inia kwenye genge, kikapu cha nyanya dirishani, mfuko wa plastiki wenye mkate kwenye kiti cha gari: vyote vinaonekana kutoka juu ya mti wa mita 10. Mama wa genge afunike mkungu kwa gunia au shuka saa ya asubuhi na alasiri, akibakiza kichane kimoja mbele yake.

## Dalili: dawa ilifanya kazi wiki moja, ikagoma

Huu ndio ugonjwa wa sanamu, mabati yanayogonga, kanda za kaseti zinazong'aa, na nyoka wa plastiki. Chanzo ni kuzoea. Kitu kisichotembea wala kuumiza, tumbili anakipima siku chache, anakisogelea, mmoja anakigusa, na habari inaisha.

Nyoka wa plastiki anastahili maneno zaidi, kwa sababu anagusa tabia ya kweli. Tumbili ana milio tofauti ya hatari kwa adui tofauti. Watafiti walilionyesha hili Amboseli, Kenya, kwa uchunguzi wa miaka ya 1960 na majaribio yaliyochapishwa mwaka 1980. Mlio wa chui unawapandisha mitini, mlio wa tai unawafanya waangalie juu au wakimbilie kichakani, na mlio wa nyoka unawasimamisha kwa miguu miwili wakichungulia majani. (Ukiwaona wamesimama hivyo kwenye nyasi za uani kwako, usipite hapo bila buti.) Nyoka wa plastiki hufanya kazi kama anahama. Mweke sehemu tofauti kila siku, mtoe wakishaondoka, mpumzishe siku kadhaa. Ukimwacha juu ya ukuta mwezi mzima watamkalia.

Sababu ya pili ya dawa kugoma ni malipo ya bahati. Ukifunga pipa siku 6 na kulisahau siku ya 7, hujawafundisha kwamba pipa limefungwa. Umewafundisha kwamba ukija vya kutosha, siku moja linafunguka. Mnyama anayelipwa mara chache bila mpangilio hukata tamaa taratibu sana kuliko anayelipwa kila siku. Ndiyo maana nyumba iliyofunga kwa ukamilifu inahitaji uvumilivu wa wiki kadhaa kabla ziara hazijapungua, na siku za kwanza wanaweza kuzidisha usumbufu. Wengi huacha hapohapo, wakidhani wamekosea.

Pilipili inasaidia kiasi. Twanga robo kilo ya pilipili kichaa kavu, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ili ishike. Vaa glavu na miwani. Pulizia ukingo wa ukuta, kamba ya kuanikia na shina la mti, si matunda unayotaka kula kesho. Mvua moja inaondoa yote, hivyo ni silaha ya kiangazi.

Manati yanawafukuza kwa siku hiyo na yanavunja vioo vya jirani. Sumu usiifikirie. Itaanza na mbwa wa mtaa na kuku wa jirani, na kuua au kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

## Dalili: mahindi na matunda yanaharibika, lakini hujamwona mwizi

Soma alama kabla ya kulaumu.

Hindi lililovunjwa likiwa bichi, maganda yamechanwa kuanzia juu, punje zimeng'atwa mistari michache na gunzi limetupwa chini ya mti wa pembezoni: tumbili. Mabua yamevunjwa mengi kwa pamoja, magunzi yametapakaa hadi katikati ya shamba, na kuna alama za viganja kwenye udongo: nyani. Bua limetafunwa chini kabisa, usiku, na kuna miba mirefu: nungunungu. Mbegu zimefukuliwa mstari mzima siku chache baada ya kupanda inaweza kuwa nyani, kwale au panya. Saa ndiyo itakayokuamulia, kwani panya ni wa usiku.

Kwenye maparachichi, tunda gumu lenye alama moja ya meno lililotupwa chini ni kazi ya tumbili. Anaonja, halijaiva, anaangusha, anachuma jingine, na hasara ya kuangusha ni kubwa kuliko ya kula. Mabaki ya nyuzi zilizotafunwa na kutemwa chini ya mpera au mwembe asubuhi ni ya popo wa matunda, na tumbili hapo hahusiki.

Kwa shamba la mjini au la pembezoni, kama yale ya Uyole au ya kando ya Ruaha Mdogo, ulinzi wa kweli ni mtu kwa saa sahihi. Mahindi mabichi yanalindwa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 5, na saa 9 alasiri hadi jua linapozama, kwa wiki zile za maziwa na za kuchoma. Saa za mchana katikati mlinzi anaweza kula na kupumzika. Mlinzi akae upande wanakotokea, si kibandani upande wa barabara.

Mpangilio wa mazao nao una uzito. Usipande mahindi hadi ukingo wa korongo. Acha ukanda ulio wazi wa mita 10 au zaidi, au upande pilipili, vitunguu, pareto au chai pale panapofaa. Tumbili hapendi kuvuka eneo wazi mbali na mti wa kukimbilia. Alizeti haifai kwenye ukanda huu kama kuna nyani. Viazi navyo nyani hufukua.

Mayai yakipotea mchana na makaka yamebaki karibu na mti, mshuku tumbili. Kuku wakipotea usiku, tafuta mwingine.

## Dalili: vishindo darini usiku

Si tumbili. Tumbili na nyani hawatembei usiku mjini kwako. Vishindo vya kurukaruka na kilio kikali kinachofanana na cha mtoto mchanga ni komba, mnyama mdogo mwenye macho makubwa, ambaye ni jamaa yao wa mbali na wa usiku. Karibu na misitu, mlio mkali unaopanda na kukatika ni perere, mnyama mdogo wa mitini. Sauti ya mbio fupifupi ni panya. Kwenye majabali ya Iringa, wale wanaoota jua mchana bila mkia ni pimbi, na hawaingii jikoni.

## Dalili: wanawatisha watoto na akina mama, baba akitoka wanakimbia

Hili ni la kawaida, na wakulima wengi wa Afrika wanalijua: tumbili na nyani huwapima watu, na wanamwogopa mwanaume mzima kuliko mwanamke au mtoto. Watoto wasitembee na maandazi mkononi wala mfuko wa plastiki unaoonekana njiani. Chakula kiingie kwenye begi lililofungwa. Wakikutana na kundi, wasikimbie. Warudi nyuma polepole wakiwa pamoja, bila kuwakodolea macho, bila kucheka na kuonyesha meno. Kwa tumbili, kukodoa macho na kuinua nyusi ni vitisho. Nyani dume anayepiga miayo mbele yako hana usingizi, anakuonyesha chonge.

Tumbili akishashika mfuko, mwachie. Kuvutana naye ndiko kunakoleta jeraha.

Mbwa mmoja anasaidia kutoa taarifa, ila asitegemewe kupigana. Dume la nyani linaweza kumjeruhi vibaya mbwa mkubwa.

Na hapa lazima useme na mtaa. Kama jirani mmoja anawarushia mabaki ya ugali kwa sababu ni burudani, au nyumba ya wageni inawalisha ili wageni wapige picha, hatua zako zote zinavuja. Peleka suala kwa mwenyekiti wa mtaa, likazungumzwe pamoja na ghuba la taka. Ghuba lisilofunikwa linalisha kundi zima, na kundi linaloshiba huzaa na watoto wake huishi. Nyumbani, pipa liwe na mfuniko uliofungwa kwa mipira miwili ya tyubu ya baiskeli yenye ndoano, likatolewe gari la taka linapofika badala ya kukaa nje tangu asubuhi. Mabaki ya mboji yafukiwe kwa udongo wa sentimita 20.

## Mengine ya haraka

Dume linapigana na kioo cha gari: linaona dume jingine. Vika vioo vya pembeni soksi au mfuko wa kitambaa, na dirisha lipake maji ya sabuni upande wa nje kwa siku chache.

Maji ya mvua yananuka: kinyesi kiko paani na kwenye mfereji. Elekeza maji ya mwanzo ya kila mvua pembeni kabla hayajaingia tangini, funika tangi kwa mfuniko wa kufunga, na chemsha ya kunywa.

Kuna shauri la kuwakamata na kuwahamisha. Linapendwa kwenye vikao. Ugumu wake ni kwamba wakiondolewa hawa na chakula kikabaki, kundi jirani linachukua nafasi. Nao waliohamishwa wanaingia eneo la kundi jingine na kupigana. Si kazi ya mwananchi kwa vyovyote. Huamuliwa na afisa wanyamapori wa halmashauri pamoja na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Umeokota mtoto wa tumbili: usimfuge. Mama yake anaweza kuwa juu ya mti akisubiri uondoke. Anayefugwa hupendeza hadi apate chonge, na dume akikomaa, kwenye miaka 5 hivi, anaanza kuwapanga watu wa nyumbani kwa vyeo, watoto wakiwa wa mwisho.

## Dalili: tumbili mmoja peke yake

Mara nyingi ni dume linalohama. Majike hubaki kwenye kundi walikozaliwa maisha yao yote, madume huondoka wakikomaa, na kipindi hicho unaweza kumwona mmoja akizunguka mtaani wiki nzima. Anakula, anakukwepa, anapanda vizuri. Mwache apite.

Tofauti ni huyu: anakusogelea bila woga na bila kutafuta chakula, anayumba, anatoa mate, anashambulia vitu, au ameketi ardhini mchana haondoki hata mbwa akibweka. Hapo fikiria kichaa cha mbwa au jeraha la umeme. Ita watoto ndani, funga mbwa, toa taarifa kwa mtendaji wa mtaa na afisa wanyamapori. Mzoga usishikwe kwa mikono mitupu.

Mtu aking'atwa au kuparuzwa, osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, ukiangalia saa. Usipake mafuta ya breki, majivu wala dawa ya kienyeji, na usifunge jeraha kwa kubana. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo, kwa ajili ya tathmini ya chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Chanjo hutolewa kwa dozi kadhaa kwa tarehe zilizopangwa. Jeraha kupona si sababu ya kukatisha. Mweleze mtoa huduma saa ya tukio, mnyama alikuwa wa aina gani na alionekanaje, na jirani mmoja abaki akimwangalia mnyama huyo kwa mbali ili afisa akifika asianze kumtafuta upya.